March, vitabu vitatu vya katuni: uanze na kipi, usome vipi, na kijitabu cha senti 10 kilichovizaa

Katika kitabu cha kwanza cha March, katuni ya maisha ya John Lewis katika harakati za haki za weusi wa Marekani, kuna kanisa mjini Nashville ambamo wanafunzi wa chuo wanatukanana kwa zamu. Mmoja ameketi, mwenzake kamsimamia, anamwita kila jina baya linalomjia mdomoni na kumpulizia moshi wa sigara usoni. Hawana ugomvi wowote. Wanafanya mazoezi, ili ijulikane mapema ni nani atakayeweza kukaa kwenye kaunta ya chakula ya weupe, amwagiwe vitu, apigwe, na mikono yake isiinuke. Mwalimu wao ni James Lawson, na semina zake zilianza 1958, zaidi ya mwaka mmoja kabla wanafunzi wa Nashville hawajaanza kukamatwa.

Kurasa hizo ndizo kipimo chetu kwa vitabu vyote vitatu. Katuni za Marekani zimeingia kwenye siasa mara nyingi. Toleo la kwanza la Captain America, ambalo jalada lake lilimwonyesha akimtandika Hitler ngumi, lilifika madukani Desemba 1940, mwaka mzima kabla nchi hiyo haijaingia vitani. Lilikuwa jambo la ujasiri kwa wakati wake. Lakini ngumi ya shujaa haimwachii msomaji kazi ya kufanya kesho asubuhi. March inamwachia, na hilo ndilo linaloitofautisha na rundo zima la katuni za kisiasa zinazouzwa pembeni yake.

Kwanza bidhaa yenyewe. Waandishi ni wawili: John Lewis, mbunge wa Georgia katika Baraza la Wawakilishi tangu 1987 hadi alipofariki Julai 17, 2020, na Andrew Aydin, aliyekuwa akifanya kazi katika ofisi yake. Mchoraji ni Nate Powell. Mchapishaji, Top Shelf, alitoa kitabu cha kwanza Agosti 2013, cha pili Januari 2015 na cha tatu Agosti 2016. Vyote ni vya jalada laini, inchi 6.5 kwa 9.5, wino mweusi na kijivu bila rangi nyingine ndani. Cha kwanza kina kurasa 128, cha pili 192, cha tatu 256. Bei iliyochapwa ilikuwa dola 14.95, 19.95 na 19.99. Vyote pamoja ndani ya kasha bei ilikuwa dola 49.99, yaani uliokoa dola 5 hivi, na kasha lenyewe si la urembo tu, kwa sababu jalada laini la ukubwa huu hujikunja pembe haraka likiachwa limeegemea rafuni.

Kabla ya kuvifungua, inafaa kujua vilikotoka. Desemba 1957 shirika la kidini la wapinga vita, Fellowship of Reconciliation, lilitoa kijitabu cha katuni chenye kurasa 16 kuhusu Martin Luther King na mgomo wa mabasi wa Montgomery. Bei ilikuwa senti 10. Nakala zilizochapwa zilitajwa kuwa 250,000. Waliokiandika ni Alfred Hassler wa shirika hilo na Benton Resnik. Mchoraji hakutajwa kwa miongo mingi, hadi ilipobainika kuwa ni Sy Barry. Lewis alikisoma akiwa kijana, na miaka mingi baadaye, wakati wa kampeni ya 2008, alimsimulia Aydin. Aydin akang'ang'ana hadi mzee akakubali kutengeneza katuni yake mwenyewe, na yeye Aydin akaenda mbali zaidi, akaandika tasnifu ya shahada ya uzamili kuhusu kijitabu hicho katika Chuo Kikuu cha Georgetown.

Kijitabu hicho bado kinapatikana, kimechapwa upya, na tunashauri ukinunue kwanza. Sehemu yake ya thamani iko mwishoni. Baada ya hadithi, kinageuka kuwa maelekezo ya kazi: chagua jambo moja mahususi la kushughulikia, hakikisha unazijua hali halisi zake, nenda ukaongee na wahusika kabla ya kufanya lolote, mchukulie mpinzani wako kama binadamu, jiandae kwa kupigwa. Lugha yake ni ya kanisani na imezeeka. Michoro ni ya kawaida kabisa, ile ya matangazo ya biashara ya miaka ya 1950. Hata hivyo mpangilio wa maelekezo hayo ungeweza kubandikwa ukutani leo bila kubadilisha hatua hata moja.

Kwa nini kilipita makanisani, mashuleni na kwenye vyama, badala ya vibanda vya magazeti? Sababu mojawapo ni hali ya biashara ya katuni wakati huo. Mwaka 1954 kamati ndogo ya Seneti iliketi New York kusikiliza madai kwamba katuni zinawaharibu watoto na kuwafanya wahalifu. Wachapishaji wakaogopa, wakajitungia kanuni zao na muhuri wa jaladani. Kitabu kisicho na muhuri wasambazaji hawakukitaka. Kanuni hizo zilitajwa kuwa za maadili, lakini mkono wake ulifika kwenye siasa. Kisa kinachojulikana zaidi ni cha kampuni ya EC. Ilikuwa na hadithi ya mwanaanga anayekagua sayari yenye ubaguzi kati ya roboti za rangi ya machungwa na za buluu. Fremu ya mwisho inamwonyesha akivua kofia, na ni mtu mweusi. Msimamizi wa kanuni alitaka awe mweupe. Mchapishaji William Gaines alikataa, hadithi ikatoka kama ilivyo mwanzoni mwa 1956, na baada ya hapo EC iliachana na vitabu vya katuni, ikabaki na jarida la Mad. Ndiyo hali ya soko ambamo mtu alitaka kuuza katuni inayofundisha weusi kugoma. Njia ya kanisa ilikuwa ya akili: kanisa halihitaji muhuri wa mtu.

Mwaka 2008 kijitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kiarabu na kusambazwa Misri. Wapo wanaokipa sifa kwa maandamano ya uwanja wa Tahrir, Cairo, 2011. Hiyo ni kukitwika mzigo kisioweza kuubeba. Mamilioni hawaingii mtaani kwa kurasa 16.

Sasa kitabu cha kwanza. Kinafunguka kwenye daraja la Selma, Alabama, 1965, kisha kinaruka hadi asubuhi ya Januari 20, 2009, siku Obama anaapishwa. Mama mmoja na wanawe wawili wanaingia ofisini kwa mbunge, mzee anaanza kuwasimulia watoto. Hila hii ya usimulizi ni ya zamani, na kwa kurasa za mwanzo inachosha kidogo. Kuna pia kuku wengi: Lewis, mtoto wa mkulima karibu na Troy, Alabama, aliwahubiria kuku, akawabatiza, akawafanyia mazishi. Msomaji mwenye haraka atataka kuruka. Asiruke, maana katikati ya kurasa hizo ipo safari ya 1951 kwenda Buffalo na mjomba wake Otis, na ni somo zuri mno la jinsi ubaguzi ulivyofanya kazi kila siku. Chakula kinapikwa na kufungwa nyumbani kabla ya safari kwa sababu njiani hakuna mkahawa utakaowahudumia. Mjomba anajua kwa kichwa ni kituo gani cha mafuta kina choo cha weusi na ni wapi gari lisisimame kabisa. Powell anachora nyuso ndani ya gari, na unaona mabega ya mjomba yakilegea baada ya kuingia jimbo la Ohio, kaskazini. Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyetukanwa, na bado unahisi hofu.

Nusu ya pili ni Nashville, na hapo ndipo kitabu kinapolipa bei yake. Watu wengi husimulia migomo ya kukaa ya 1960 kana kwamba vijana wanne wa Greensboro waliamka asubuhi wakaamua, nchi nzima ikafuata. Kitabu kinaonyesha kwamba Nashville walikuwa wamefanya majaribio tangu Novemba na Desemba 1959. Utaratibu wa jaribio ulikuwa mwepesi: ingia dukani, nunua kitu kidogo ili uwe mteja halali, kaa kwenye kaunta, omba kuhudumiwa. Ukikataliwa, omba kuongea na meneja, uliza sababu kwa adabu, ondoka. Lengo halikuwa kukamatwa. Walitaka ithibitike kwamba duka linapokea pesa yao upande mmoja na kuwafukuza upande wa pili. Mgomo kamili ulipoanza Februari 13, 1960, waliingia wanafunzi 124 kwa mpangilio, wamevaa nguo za kanisani na wamebeba madaftari ya kusomea.

Kanuni walizogawiwa, ambazo Lewis alishiriki kuziandika, zimo kitabuni, na ni ukurasa wa kunakili. Usirudishe kipigo wala tusi. Usicheke kwa sauti. Usiondoke kwenye kiti bila ruhusa ya kiongozi wako. Usizuie mlango nje wala njia ndani. Kaa wima, tazama kaunta. Anayetaka maelezo, mwelekeze kwa kiongozi. Ukisoma haraka utaona ni tabia njema tu, lakini kila moja ina sababu yake. Ukizuia mlango, polisi wanapata kosa la kukushtaki. Ukicheka, mpiga picha wa gazeti anapata picha ya kihuni. Ukiondoka bila ruhusa, kiti kinakaliwa na mtu mwingine na safu inavunjika. Kitabu hakitoi ufafanuzi huu wote kwa maneno; msomaji anauona pale mambo yanapoharibika Februari 27, polisi wanapojiondoa na kuwaachia wahuni duka, kisha wanarudi kuwakamata waliopigwa.

Hesabu ya jela nayo imeelezwa vizuri. Walikamatwa zaidi ya 80 siku hiyo. Dhamana ikashushwa kutoka dola 100 hadi 5, kwa sababu jiji halikutaka kuwalisha wala kuonekana limejaza jela kwa watoto wa chuo, na bado hawakuilipa. Wakahukumiwa faini ya dola 50 kila mmoja, wakachagua kifungo. Ukilipa dhamana, pesa ya harakati inahamia serikalini na mji unarudi kulala. Ukibaki ndani, mzigo unabaki kwa jiji. Wakati huohuo wateja weusi waliacha kununua mjini, msimu wa Pasaka ukaharibika kwa wenye maduka. Aprili 19 nyumba ya wakili wao, Z. Alexander Looby, ililipuliwa. Maelfu wakaandamana kimya hadi ukumbi wa jiji. Diane Nash akamuuliza meya Ben West ana kwa ana, kwenye ngazi, kama yeye binafsi anaona ubaguzi huo ni haki. Meya akakubali kwamba si haki. Mei 10 kaunta sita zikafunguliwa kwa weusi. Kitabu kinaishia hapo karibu, na ukifuatilia mtiririko wake una mpango kamili wa kampeni, kuanzia semina hadi makubaliano.

Kitabu cha pili kina kasi na hasira zaidi. Kinapanda mabasi ya Mei 1961, watu 13 wakitoka Washington kwenda Kusini kujaribu uamuzi wa Mahakama Kuu kuhusu vituo vya mabasi vya safari za kati ya majimbo. Basi linachomwa Anniston. Lewis anapigwa Rock Hill, na tena Montgomery kwa kreti ya mbao. Powell ameuchanganya mkasa wa Montgomery na wimbo alioimba Aretha Franklin siku ya kuapishwa Obama: maneno ya wimbo yanatiririka juu ya watu wanaopigwa. Kwa maoni yetu hapo mchoraji amechuma matunda ya ile hila ya 2009 iliyotuchosha mwanzoni. Kisha gereza la Parchman, Mississippi, ambako wafungwa walinyang'anywa magodoro kwa sababu waliendelea kuimba. Wakaimba juu ya chuma.

Thamani ya kitabu hiki kwa mtu anayesoma siasa iko kwenye hotuba ya Agosti 28, 1963. Lewis alikuwa na miaka 23, mdogo kuliko wote waliohutubia Washington siku hiyo. Rasimu yake ilivuja usiku wa kuamkia maandamano; Askofu Mkuu Patrick O'Boyle akatishia kutopanda jukwaani; wazee wakamzunguka nyuma ya sanamu ya Lincoln huku umati umeshafika. Aliyemlainisha ni A. Philip Randolph, aliyekuwa ameisubiri siku hiyo tangu miaka ya 1940. Hotuba iliyotolewa imechorwa ndani ya hadithi, na rasimu ya mwanzo imechapwa nyuma ya kitabu. Weka kidole kwenye kurasa zote mbili na ulinganishe. Rasimu ilisema muswada wa Kennedy ni mdogo mno na umechelewa mno. Jukwaani ikawa wanauunga mkono lakini kwa mashaka makubwa. Rasimu iliahidi kupita katikati ya Kusini kama alivyopita Jenerali Sherman, aliyeiteketeza Georgia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Jukwaani Sherman hayumo. Kilichosalia bila kuguswa ni sentensi kwamba mtu mmoja kura moja ndicho kilio cha Afrika, na ni chao pia. Hakuna darasa la uandishi wa hotuba litakalokupa mfano bora zaidi wa mapatano ya kisiasa, neno kwa neno.

Kitabu cha tatu ndicho kilichobeba tuzo, na ndicho kigumu. Kinaanza na bomu la kanisa la Birmingham, Septemba 15, 1963, lililoua wasichana wanne, kikapita Mississippi ya 1964, kikaishia Selma na sheria ya haki ya kupiga kura iliyosainiwa Agosti 6, 1965. Tatizo lake kubwa ni vifupisho. Mtu akisoma bila maandalizi, baada ya kurasa 60 hajui nani yuko upande gani. Chukua karatasi, andika mistari saba, uitumie kama alama ya kitabu. SNCC, wenyewe wakiitamka Snick, ni kamati ya wanafunzi ambayo Lewis aliiongoza tangu 1963 hadi 1966. SCLC ni shirika la King, la wachungaji. CORE ndio walioanzisha safari za mabasi za 1961. NAACP ni wakongwe wa 1909, watu wa kesi mahakamani. COFO ni mwavuli wa mashirika hayo ndani ya Mississippi. MFDP ni chama kilichoundwa 1964 kushindana na wajumbe weupe watupu wa Mississippi kwenye mkutano mkuu wa Democratic. DCVL ni wenyeji wa Selma wenyewe, akina Amelia Boynton, waliokuwa wakihangaikia daftari la wapiga kura kabla ya kamera yoyote kufika. Ukiwa na karatasi hiyo kitabu kinafunguka. Bila hiyo utaona wanaume wengi wenye suti na tai wakigombana vyumbani, na kusema kweli Powell hakusaidia sana hapo, maana baadhi ya nyuso hazitofautiani vya kutosha.

Uandikishaji wa wapiga kura umechorwa kwa uvumilivu. Selma ofisi ilifunguliwa siku mbili tu kwa mwezi. Karani aliweza kuchelewa, kufunga mapema, kwenda chakula cha mchana kirefu. Aliweza kumpa mwombaji maswali ya katiba yasiyojibika. Na majina ya waombaji yalijulikana, kwa hiyo mwajiri alipata habari kabla ya jioni. Katuni inafaa kazi hii kuliko maandishi matupu, kwa kuwa foleni isiyosogea ni picha. Fremu ya kwanza mstari wa watu, fremu ya nne mstari uleule, jua limehama. Sheriff Jim Clark anapita na kirungu. Mtu anayesoma kwa kufuata maneno pekee atazivuka fremu hizo kwa sekunde mbili na kukosa hoja yenyewe.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna kituo cha kusimama: Oktoba 1964 Lewis na mwenzake Donald Harris, wakiwa kwenye ziara ya Afrika, walikutana na Malcolm X Nairobi, katika hoteli ya New Stanley. Na yule Bob Moses anayeonekana Mississippi akiongea taratibu, mwalimu wa hesabu aliyesuka mpango wa kuandikisha wapiga kura wa kiangazi cha 1964, baadaye aliishi Tanzania tangu 1969 hadi 1976 akifundisha hesabu, Same. Hilo la Same halimo kwenye hadithi hii; tunalitaja kwa sababu wapo watakaofurahi kulijua wakikutana na sura yake.

Selma yenyewe, Machi 7, 1965, imechorwa kwa ukurasa baada ya ukurasa wa giza. Watu takriban 600 wanavuka daraja wawili wawili. Lewis amevaa koti la mvua na mkoba wa mgongoni, ndani yake vitabu viwili, tufaha, chungwa, mswaki na dawa ya meno, kwa sababu alitarajia kulala jela. Hakulala jela, alipasuliwa fuvu. Gesi ya machozi Powell ameichora kama weupe unaomeza fremu, na maneno ya askari yanakuwa michirizi isiyosomeka. Wengine hulalamika kwamba herufi hizo ndogo zinazoparamia pembeni hazisomeki. Nyingi hazikukusudiwa kusomwa. Ni kelele. Lakini pale mazungumzo ya maana yalipoandikwa kwa herufi nyeupe nyembamba juu ya weusi, lawama ni halali, hasa ukisoma usiku kwa taa hafifu.

Hilo linatuleta kwenye toleo la kidijitali. Lipo na ni rahisi kulipata ukiwa mbali na maduka ya Marekani, ila usisome kwa simu. Ukurasa wa inchi 6.5 ukiubana kwenye kioo cha upana wa inchi 2.7 hivi, herufi za kunong'ona zinapotea kabisa. Na ukitumia mtindo wa kuonyesha fremu moja moja, programu inaukata ukurasa vipande na kuua ile foleni tuliyoisema. Kurasa pacha, ambazo Powell anazipenda, hugawanywa katikati. Tableti ya inchi 10 ikilazwa wima inatosha kwa ukurasa mmoja, na ukiilaza upande unaona zote mbili kwa udogo unaovumilika. Karatasi bado inashinda, ingawa nayo ina kasoro yake: kitabu cha tatu ni kinene, gundi ya mgongo ni ngumu kikiwa kipya, na kinachochorwa katikati ya kurasa pacha kinazama kwenye mkunjo.

Mwalimu au kiongozi wa kikundi cha usomaji ajue mambo mawili kabla ya kugawa. Tusi la kibaguzi kwa weusi limechapwa wazi, mara nyingi, vinywani mwa polisi na wahuni. Waandishi hawakulificha, na tunadhani walifanya sawa, lakini kiongozi aamue mapema kama litasomwa kwa sauti, vinginevyo kijana mmoja atalisoma, wengine watacheka, na kikao kimekwisha. Umri wa miaka 13 na kuendelea ndio unaofaa. La pili, usisome vitabu hivi kwa kupokezana kusoma kwa sauti. Kurasa zisizo na neno hugeuka ukimya wa aibu, msomaji anazikimbia. Mpe kila mtu kurasa 40 hadi 50 akasome mwenyewe, nakala moja kwa watu wawili inatosha, kisha kikao kishughulike na swali moja la kazi: hapa walitaka nini, nani alikuwa na uwezo wa kukitoa, walimbana kwa njia ipi? Nashville inajibika vizuri. Atlantic City 1964, kwenye ule mkutano mkuu wa Democratic, haijibiki, na ndiyo maana inafaa zaidi kwa mjadala: MFDP walipewa viti viwili, wakavikataa, na hadi leo watu wenye akili timamu hawakubaliani kama walikosea.

Usianze na cha tatu kwa sababu ya tuzo zake. Novemba 2016 kilichukua National Book Award ya vitabu vya vijana, katuni ya kwanza kufika hapo, na Januari iliyofuata kikazoa tuzo nne za chama cha maktaba cha Marekani. Mwezi huohuo wa Januari 2017 Donald Trump alimshambulia Lewis kwenye Twitter siku chache kabla ya kuapishwa, na vitabu hivi vikaisha Amazon. Ni mfano mzuri wa ushawishi wa katuni na pia wa mipaka yake, kwa maana kununua kitabu kwa hasira ni kazi ya dakika moja. Lewis mwenyewe alijua tofauti. Julai 2015 kwenye maonyesho ya katuni ya San Diego alivaa koti na mkoba kama wa 1965, akawashika watoto mikono na kuandamana nao ndani ya ukumbi, katikati ya watu waliovaa kama Batman.

Kuna tarehe moja ambayo inabadilisha jinsi unavyosoma mwisho wa hadithi. Juni 25, 2013, wiki chache kabla ya kitabu cha kwanza kutoka, Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi ya Shelby County, Alabama, ilifuta kifungu kilichoamua ni maeneo yapi lazima yaombe idhini ya serikali kuu kabla ya kubadilisha taratibu za uchaguzi. Sheria iliyopatikana kwa mkoba na fuvu lililopasuka ilikuwa imeng'olewa meno kabla mchoraji hajafika ukurasa wa kuisaini. Ukijua hivyo, kurasa za foleni ya Selma zinaacha kuwa historia.

Atakayetaka kuendelea kuna Run, kitabu cha kwanza, kilichotolewa na Abrams Agosti 2021 baada ya Lewis kufariki, safari hii L. Fury akichora pamoja na Powell. Kinaanza pale March ilipoishia, Agosti 1965, na kinafika Mei 1966, Lewis anapoupoteza uenyekiti wa SNCC kwa Stokely Carmichael. Ni kichungu zaidi na hakina daraja wala hotuba ya kukibeba. Kinunue baada ya vitatu vya kwanza, na ile karatasi ya vifupisho uiache palepale ndani ya kitabu cha tatu, maana baadaye utaihamishia kwenye Run.